Tulipowafuata Rafiki Zetu Hadi Australia

Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Msemo huo tumeusikia tangu utotoni. Tulikuja kuuelewa vizuri mwezi wa Oktoba 2023, tulipotua katika uwanja wa ndege wa Sydney, nchini Australia, miguu ikiwa imevimba kwa kukaa kitini kwa saa 14 kutoka Dubai, na mkononi tukiwa na mfuko wa mlenda mkavu kutoka Dodoma.

Tulikwenda kuwatembelea rafiki zetu wa siku nyingi. Hatutawataja kwa majina kwa sababu ni watu wasiopenda kutajwa. Tutawaita kama tulivyozoea kuwaita tangu zamani, yaani Sista na Mwalimu. Sista ni muuguzi mkunga. Mwalimu, mumewe, alikuwa akiwafundisha vijana ufundi wa magari na pampu za maji. Walikaa katika hospitali ya misheni mkoani Dodoma kuanzia mwaka 2001 hadi mwaka 2012.

Wasomaji wetu wa Ugogoni hawatashangaa kusikia hayo. Uhusiano wa Wakristo wa Australia na Dodoma ni wa zamani. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Sydney. Tangu hapo walimu, wauguzi na waganga wengi wa kutoka huko wamekula ugali na mlenda wetu.

Mmoja wetu alifika hospitalini hapo mwaka 2003, akiwa na stashahada mpya ya uuguzi na mikono inayotetemeka kila akishika sindano. Sista ndiye aliyemfundisha kazi. Hakufundisha kwa makelele. Alisimama nyuma yako, akangoja ukosee kidogo, kisha akasema, "Anza tena, mdogo wangu, mgonjwa hana haraka."

Mtoto njiti

Mwaka 2005 mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati. Alikuwa na uzito wa kilo moja na nusu. Tulimpa jina la babu yake, na kwa sababu hiyo nyumbani tulimwita Babu. Hospitali yetu haikuwa na mashine ya kumtunzia mtoto njiti, na mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, hawezi hata kuketi.

Wengi wenu mnaijua njia ya kangaruu, ambayo mtoto hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, akapata joto, akawa karibu na ziwa. Njia hiyo ilianza mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Colombia, kwenye hospitali iliyokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine. Kwa siku tatu Sista alimbeba Babu namna hiyo, akipokezana na bibi yake. Alizunguka wodini akiandika mafaili, mtoto yumo kifuani ndani ya khanga. Siku ya nne mama akapata nguvu, akakabidhiwa mwanawe akiwa mzima.

Babu alikua. Alikimbia, alipanda miembe, alisoma. Sista na Mwalimu walipoondoka mwaka 2012, alisimama kando ya gari lao akiwa na miaka saba, akakataa kupunga mkono.

Mwaka 2014 alipata malaria kali. Ilikuwa siku mbili tu, na tukampoteza. Alikuwa na miaka tisa.

Tunaeleza hayo ili msomaji aelewe tulikuwa tumebeba nini zaidi ya mlenda. Baada ya msiba, kutoka Australia tulipata ujumbe mmoja wa simu, nao ulitoka kwa Mwalimu: "Tumesikia. Poleni sana." Kutoka kwa Sista, aliyembeba mtoto yule kifuani, halikuja neno. Wakati wa Krismasi ilikuja kadi yenye maandishi ya kiwandani. Babu hakutajwa.

Basi na sisi tukanyamaza. Kwa miaka tisa urafiki ule ukawa wa "Krismasi njema" na "Nanyi pia". Mwanzoni mwa 2023 Sista akapiga simu. Alisema wao wanazeeka, wangependa tuwatembelee, watalipa tiketi moja nasi tutafute ya pili. Simu ilipokatika, mmoja wetu aliuliza, "Tukafanye nini kule?" Baba watoto akajibu, "Tukamwone." Hakuongeza neno.

Mlenda ulioishia uwanjani

Tuliuza ng'ombe wawili, tukapokea zamu yetu ya upatu, tukaomba likizo. Watoto wetu wawili tukawaacha kwa bibi yao. Viza ya wageni huombwa kwa njia ya intaneti, nasi tuliambatanisha barua ya mwaliko, barua za waajiri na taarifa za benki.

Onyo moja kwa atakayesafiri. Australia ni kisiwa kikubwa kinacholinda sana mashamba yake dhidi ya wadudu na magonjwa kutoka nje. Kila mgeni hutakiwa kueleza chakula, mbegu na vitu vya mimea au wanyama alivyobeba. Ukificha unapigwa faini. Ukisema ukweli, hata kama kitu hakiruhusiwi, wanakichukua tu, nawe unakwenda zako. Sisi tulisema ukweli. Chai na kahawa ya kukaangwa vikapita. Mlenda ukaenda kwenye pipa, na Mgogo mmoja akautazama kama anayesindikiza jeneza.

Huko nje sauti ikapaa juu ya watu wote: "Mbukwenyi!" Alikuwa Mwalimu, nywele zimekuwa nyeupe tupu. Nyuma yake alisimama Sista. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukakumbatiana. Lakini kila mtu alikuwa na haraka ya kushughulikia mizigo.

Wanaishi Springwood, mji mdogo ulio njiani kuelekea Blue Mountains, zaidi ya saa moja kwa treni kutoka Sydney. Bustani yao ina mgrevilea, mti ule ule unaowapa kivuli migomba na mibuni ya Kilimanjaro. Tulidhani ni mti wetu. Mwalimu alicheka sana. Mgrevilea asili yake ni mashariki ya Australia, na mikaratusi vilevile, hata miwati ya Njombe. Miti hiyo ilitutembelea kabla sisi hatujaitembelea kwao.

Mgeni siku mbili

Nyumba ile haina msichana wa kazi. Chakula cha jioni huliwa saa 12, jua bado linaonekana, kisha kila mtu huinuka na sahani yake. Siku ya kwanza baba watoto alibaki amekaa kama alivyozoea. Mwalimu, aliyekwisha kujifunga aproni, akamrushia kitambaa cha kukaushia vyombo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema kwa Kiswahili chake cha Dodoma.

"Leo ni siku ya kwanza," baba watoto akajitetea.

"Sisi tunahesabu kuanzia Dubai."

Tangu siku hiyo baba watoto alikausha vyombo kila jioni, na tunamshukuru Mungu kuwa tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Kwa upande wetu tulipika mara mbili kwa wiki, tukanunua mboga kwa fedha zetu, na tuliuliza kabla ya kutumia simu au mashine ya kufulia. Ugeni wa wiki tatu si mchezo. Mwenyeji hata akikupenda ana uchovu wake, nawe ukijifanya huoni unamwongezea.

Daraja, jumba na pwani

Wiki ya kwanza walituonyesha Sydney. Tulivuka kwa miguu Daraja la Bandari, lile la chuma lililofunguliwa mwaka 1932. Sehemu ya juu ya tao lake ipo mita 134 kutoka majini. Wenyeji hulitania kwa kuliita henga la nguo, na ukilitazama kwa mbali utawaelewa.

Ng'ambo ya daraja ipo Opera House, jumba la muziki lenye mapaa kama matanga ya jahazi. Mapaa hayo yamefunikwa kwa vigae zaidi ya milioni moja. Tulilikuta katika shamrashamra, kwa kuwa tarehe 20 Oktoba 2023 lilitimiza miaka 50 tangu lifunguliwe na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1973. Aliyelibuni alikuwa Mdenmark, Jørn Utzon. Ujenzi ulianza mwaka 1959. Gharama iliyokisiwa kuwa dola milioni 7 ikafika milioni 102. Mwaka 1966 Utzon alikosana na serikali, akaondoka na familia yake. Alifariki mwaka 2008 bila kurudi kuliona jumba lake likiwa limekamilika.

"Hakurudi hata siku moja?" tuliuliza.

"Hata moja," akasema Sista. Akageuka kutazama maji.

Kutoka hapo tulipanda kivuko hadi Manly, safari ya kama nusu saa, penye ufukwe wa bahari kubwa. Huko wana desturi nzuri ambayo tungependa iigwe kwetu: walinzi wa ufukweni husimika bendera za rangi nyekundu na njano, na watu huogelea katikati ya bendera hizo tu, mahali ambapo walinzi wanawaona. Tena jua la kule si la mchezo kwa watu weupe, maana saratani ya ngozi inawasumbua sana. Hata watoto wa shule huvaa kofia pana wakicheza nje.

Mwalimu alivua shati ili aingie majini. Ndipo tukaona. Kovu refu lilishuka katikati ya kifua chake, kutoka chini ya koo hadi karibu na tumbo, na jingine jembamba lilikuwa ndani ya mguu wa kushoto. Muuguzi hahitaji kuelezwa. Hilo ni kovu la mtu aliyefunguliwa kifua akafanyiwa upasuaji wa moyo, akakatwa mshipa wa mguuni ili kurekebisha ile iliyoziba.

Tulitazamana, lakini hatukuuliza. Wao hawakusema. Tukala chipsi na samaki, tukarudi nyumbani tukizungumzia hali ya hewa.

Mji mkuu, kama Dodoma

Wiki ya pili Mwalimu alitupeleka Canberra, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka Sydney. Barabarani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Canberra ndio mji mkuu, ingawa wengi hudhani ni Sydney. Sydney na Melbourne zilipokuwa zikishindania heshima hiyo, ikaamuliwa mwaka 1908 mji mpya ujengwe eneo lililo kati yao. Bunge lilihamia huko mwaka 1927. Ziwa kubwa lililo katikati ya mji lilitengenezwa na watu, likajaa maji mwaka 1964.

Sisi wa Dodoma tulisikiliza kwa makini. Uamuzi wa kuufanya mji wetu kuwa makao makuu ulitolewa mwaka 1973, na serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Kumbe kujenga mji mkuu ni kazi ya vizazi. Baba watoto alisema wajukuu zetu huenda nao wakaogelea katika ziwa la Dodoma.

Jengo la sasa la Bunge lilifunguliwa mwaka 1988, na paa lake limeoteshwa nyasi. Sista alitusimulia jambo lililotokea humo ambalo hatukulijua. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya mwanzo ya 1900 hadi karibu mwaka 1970, watoto wengi wa wenyeji wa asili wa Australia walichukuliwa kutoka kwa mama zao kwa amri ya serikali. Wengine walipelekwa katika makao maalumu, wengine kwenye familia za wazungu, na wengine kwenye misheni za makanisa. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Watu hao wa asili wamekaa nchi ile kwa zaidi ya miaka 50,000. Wiki chache kabla ya sisi kwenda Canberra, tarehe 14 Oktoba 2023, wananchi walikuwa wamepiga kura kuhusu kuwapa chombo cha kutoa maoni yao kwa Bunge, na wengi wakakataa.

"Tarehe 13 Februari 2008," Sista alisema, "Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama humu ndani akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Tulikuwa kwenu, Dodoma. Nilisikiliza redioni. Kuna akina mama waliokuwa wamekwisha kufa bila kusikia neno lile. Lakini waliobaki walilia, wakasema heri lilisemwa."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Sasa tunajua alikuwa akijiandaa.

Kilo moja na nusu

Kesho yake tulikwenda Tidbinbilla, hifadhi iliyo kama kilomita 40 kutoka mjini. Koala alikuwa amelala kwenye tawi la mkaratusi, na tulielezwa kwamba hulala sehemu kubwa ya siku kwa sababu majani anayokula hayana nguvu nyingi. Kisha tukaona kangaruu, kundi zima, wakila nyasi kama mbuzi wetu.

Jike mmoja alisimama akatutazama. Kwenye mfuko wa tumbo lake kulitoka kichwa kidogo chenye masikio marefu.

Akina mama, uumbaji huu ni wa ajabu. Mimba ya kangaruu ni ya muda wa kama mwezi mmoja tu. Mtoto huzaliwa akiwa mdogo kama haragwe, hafiki hata gramu moja, hana manyoya, macho hayajafunguka. Hapo hapo hutambaa peke yake kupanda tumbo la mama hadi ndani ya mfuko, akashika chuchu, akabaki humo. Kangaruu wa aina ile hukaa karibu miezi 11 kabla ya kuuacha mfuko moja kwa moja. Kila kangaruu, kwa hakika, huzaliwa njiti.

Tulikuwa tumesimama pamoja, Sista akiwa kulia kwetu. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, "Kilo moja na nusu."

Hakusema zaidi. Hatukuhitaji kuuliza ni uzito wa nani.

Mwalimu alimshika baba watoto mkono akampeleka kuangalia emu. Sisi tukaketi kwenye meza ya mbao chini ya miti.

"Mdogo wangu," Sista akaanza, "mimi sikukuandikia."

Desturi yetu ingekuwa kujibu, "Si neno, Sista, yamekwisha." Lakini hayakuwa yamekwisha. Tukajibu, "Ndiyo, Sista. Hukuandika."

Akaitikia kwa kichwa, kama anayepokea kipimo kutoka maabara. "Nilianza kwa Kiswahili. Nikaandika 'pole sana'. Nikaona pole hiyo hiyo mnampa mtu aliyejikwaa njiani. Nikachana. Nikaandika kwa Kiingereza, nikaona ni barua ya ofisini. Nikasema nitaandika kesho. Mwezi ukapita, nikaona aibu ya mwezi. Mwaka ukapita, aibu ikawa ya mwaka. Nimewapa akina mama wangapi habari ya kufiwa kule wodini? Lakini huyu nilimbeba. Nikashindwa."

"Tulidhani umemsahau," tukamwambia.

"Nimsahau?" Akashika kifua chake pale pale khanga ilipokuwa ikifungwa.

Tulilia wote wawili, wauguzi watu wazima. Kisha tukauliza swali tulilolikwepa kwa siku tisa. "Sista, kovu la Mwalimu ni la lini?"

Lilikuwa la mwaka 2016. Mishipa minne ya moyo iliziba. Upasuaji ulimpitisha salama, lakini mapafu yakaingia maambukizo, akakaa hospitali wiki tatu. Sista alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake. "Usiku mmoja nilishika simu ili nikupigie," alisema. "Nilitaka mtu wa kukaa nami, tena muuguzi. Nikajiuliza, kwa uso gani? Mlipofiwa nilinyamaza. Nikaiweka simu chini."

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Kwa miaka tisa tulijihesabu kuwa ndio tuliokosewa. Hatukuandika hata mstari mmoja wa kuuliza, "Sista, kwa nini umenyamaza?" Tuliona heri kumhukumu. Na kwa sababu hiyo mtu aliyemwokoa mtoto wetu alipopata dhiki, alikaa peke yake. Hata kovu tuliliona kwa macho tukafumba mdomo. Tulimwomba radhi, naye akatuomba. Kisha akatuomba jambo ambalo hatukulitegemea.

"Nisimulie siku zile mbili. Zote. Usiruke."

Tukamsimulia: homa ilivyoanza, dawa tulizotoa na saa tulizotoa, damu aliyoongezewa, neno lake la mwisho. Watu hudhani mama aliye muuguzi hahitaji kuulizwa hayo, kwa kuwa anajua. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kutuuliza. Sista alisikiliza, akauliza maswali mawili ya kiuguzi, kisha akasema, "Mlifanya yote ambayo ningefanya." Hatuwezi kueleza maneno hayo yalituondolea mzigo gani. Msomaji aliyewahi kufiwa na mtoto ataelewa.

Tulirudi Springwood usiku. Asubuhi tuliikuta picha ya Babu kwenye mlango wa friji, katikati ya picha za wajukuu zao.

Milima ya bluu

Wiki ya mwisho tulicheka kuliko mbili za kwanza. Tulipanda treni hadi Katoomba, tukaona Three Sisters, miamba mitatu iliyosimama pamoja juu ya bonde kubwa, kila mmoja ukiwa zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Eneo hilo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kwa mbali milima huonekana ya bluu kweli, na huelezwa kuwa ni kwa sababu ya mafuta yanayopanda hewani kutoka misitu ya mikaratusi. Tulishuka bondeni kwa reli ya mteremko wa nyuzi 52, iliyokuwa ya mgodi wa makaa ya mawe. Baba watoto alifumba macho toka juu hadi chini, na mpaka leo anasema alikuwa akisali.

Mitaani mijakaranda ilikuwa imechanua zambarau, kama inavyochanua kwetu miezi hiyo. Jumapili tulikwenda nao kanisani, na baada ya ibada tukanywa chai na akina mama wa pale, ambao walituuliza mengi kuhusu watoto njiti. Uwanja wa ndege siku ya kuagana, hakuna aliyekuwa na haraka ya mizigo.

Tuliyojifunza

Akina mama wengi hunyamaza kwenye msiba wa rafiki si kwa ukatili bali kwa kukosa neno. Tungependa kuwashauri haya machache, kwa kuwa yametugharimu.

Andika mapema, na fupi. Barua ya mistari mitatu inayofika ni bora kuliko nzuri iliyobaki moyoni.

Mtaje marehemu kwa jina, na utaje jambo moja unalolikumbuka juu yake. Usiogope kumkumbusha mfiwa. Hajasahau.

Usieleze kwa nini imetokea. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na walifanya vema. Walikosea walipoanza kutoa maelezo.

Mkumbuke tena matanga yakishaanuliwa, na siku ya kumbukumbu ya mwaka. Wakati huo nyumba huwa tupu.

Kama umechelewa, hata kwa miaka tisa, andika hivyo hivyo. Anza na ukweli kwamba umechelewa.

Na wewe uliyefiwa, au uliyekosewa, usikae ukihesabu barua ambazo hazikuja. Uliza. Huenda mwenzako naye yuko kando ya kitanda, ameshika simu, hajui apige kwa uso gani.

Sasa kila Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, tunazungumza nao kwa simu. Kwao ni alasiri, maana wametutangulia kwa saa saba, au nane wakati wa kiangazi chao. Mwalimu huuliza habari za mvua na pampu ya kijiji. Sista huuliza habari za wodini, na mwisho hutukumbusha mlenda. Tumemwambia mlenda hauvuki forodha, aje mwenyewe aufuate. Wamekata tiketi za mwezi wa Julai.

Wewe je, mama msomaji? Yupo rafiki ambaye hujamwandikia, na sababu mnaijua wewe na yeye? Ukimaliza kusoma ukurasa huu, chukua kalamu.